Ulinzi wa Nyangumi: Mzigo Humwangukia Nani, Meli au Mvuvi?

Kila mwaka, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita katika bahari ya Kilifi. Hutoka kwenye maji baridi ya kusini mwa dunia na kuja kuzaa na kulea watoto wao katika maji ya joto. Kwa waendesha mashua wa Watamu, msimu huo ni biashara, kwa kuwa wageni hulipa ili wapelekwe kuwaona. Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo njia ya meli za mizigo na ndiyo shamba la mvuvi.

Makala haya hayatangazi kanuni mpya. Yanaeleza yaliyotokea Marekani na Kanada, ambako hatua za kuwalinda nyangumi zimegusa mifuko ya watu kwa miaka mingi, ili mkazi wa Kilifi ajue la kuuliza siku mjadala kama huo utakapofika kwetu.

Hatari ni mbili

Nyangumi hufa zaidi kwa mikono ya binadamu kwa njia mbili: kugongwa na meli, na kunaswa na kamba au nyavu. Katika pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada kuna aina ya nyangumi ambao wamebaki takriban 380 tu. Mwaka 2017 pekee, 17 kati yao walipatikana wamekufa, 12 wakiwa katika maji ya Kanada. Serikali za nchi hizo mbili zimelazimika kuzibana sekta zote mbili, lakini uchungu haukuwa sawa.

Meli: hasara ya dakika

Tangu Desemba 2008, chombo chochote cha urefu wa futi 65 au zaidi hakiruhusiwi kuzidi maili 10 za baharini kwa saa katika maeneo na misimu maalum ya pwani hiyo ya Marekani. Sababu ni kwamba kasi ndiyo huua. Watafiti walikadiria kuwa meli ikimgonga nyangumi kwa kasi ya maili 15 kwa saa, uwezekano wa kumuua ni karibu asilimia 80. Ikishuka chini ya maili 9, uwezekano huo huwa karibu asilimia 20.

Tufanye hesabu. Meli inayokwenda maili 14 kwa saa huvuka eneo la maili 28 kwa saa 2. Ikipunguza hadi maili 10, itatumia saa 2 na dakika 48. Imechelewa dakika 48. Muda huo una gharama ya mabaharia na ratiba ya bandari, lakini meli inayokwenda polepole pia huchoma mafuta machache zaidi, hivyo sehemu ya hasara hurudi. Mahali pengine ilitosha kusogeza njia: mwaka 2007 njia ya meli za kuingia Boston ilisogezwa kidogo upande wa kaskazini ili ikwepe eneo ambalo nyangumi hukusanyika.

Mvuvi: hasara ya msimu

Kwa mvuvi hesabu ni tofauti. Katika jimbo la Maine, maelfu ya watu huvua kambakoche kwa madema yanayotuama chini ya bahari, kila fungu likiwa na kamba inayopanda hadi kwenye boya. Kamba hizo ndizo humnasa nyangumi. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 ziliwataka wavuvi kufunga madema mengi zaidi kwa kamba moja, na kutumia kamba dhaifu zinazokatika zikivutwa kwa nguvu ya takriban kilo 770. Eneo moja kubwa la bahari lilifungwa kwa kamba za maboya kuanzia Oktoba hadi Januari.

Mvuvi hana meli ya pili ya kufidia msimu huo. Kisha soko likafuata: Septemba 2022 mpango wa Seafood Watch, unaowashauri wanunuzi wa samaki, uliwaweka kambakoche hao katika orodha nyekundu, na baadhi ya maduka yakaacha kuwanunua. Wavuvi walilalamika kuwa hakuna kifo kilichothibitishwa kuhusishwa na kamba zao. Desemba 2022 Bunge la Marekani liliahirisha kanuni mpya hadi mwisho wa 2028, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikakubaliana na wavuvi kuwa serikali ilikosea katika kukadiria hatari. Lakini Januari 2024 nyangumi mchanga alipatikana amekufa akiwa na kamba yenye alama ya zambarau, rangi inayotambulisha kamba za Maine.

Funzo kwetu

Funzo la kwanza ni kwamba kanuni moja haiwalemei wote sawasawa. Kampuni ya meli huweza kugawa gharama kwa makontena mengi. Mvuvi huibeba peke yake. La pili ni kwamba takwimu zikikosekana, kila upande huvuta kwake na kesi huishia mahakamani.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, usafiri wa majini na ulinzi wa wanyamapori ni majukumu ya serikali kuu, huku masuala ya uvuvi yakiigusa pia serikali ya kaunti. Katiba hiyo hiyo inampa mwananchi haki ya kushirikishwa. Kwa hivyo wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, waweke kumbukumbu: nyangumi ameonekana wapi, tarehe gani, na kama ameharibu nyavu, ni za thamani gani. Mvuvi mwenye kumbukumbu husikilizwa.

Ukimkuta nyangumi amenaswa, usiruke majini wala kujaribu kumkata kamba mwenyewe. Mkia wake unaweza kuvunja mashua. Kaa mbali, kumbuka mahali ulipo, na utoe taarifa haraka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au kwa BMU ya bandari yako ya uvuvi.