Wati za Kwenye Lebo, Ampea za Kwenye Waya

Mwenye studio ya video za harusi mjini Rumonge, Burundi, huanza na kompyuta ya mtumba, tuseme Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba. Akichoka kungoja video zikamilike, hushauriwa aongeze kadi ya grafiki. Kadi inachomekwa, mashine inawaka, barua zinaandikwa bila shida. Kazi nzito ikianza, inazima ghafla na kujiwasha upya. Lawama huiangukia Regideso, shirika la umeme. Lakini kama balbu ya chumbani haikupepesa, ipimwe kwanza pawasaplai. Joto la prosesa au memori mbovu huweza kuleta dalili hiyo hiyo, ila kuzima wakati wa kazi nzito tu ni dalili ya kutiliwa shaka.

Watu wengi husoma namba moja kwenye lebo yake, ile kubwa ya wati. Mimi huiruka na kutafuta mstari wa volti 12. Pawasaplai hutoa volti 3.3, 5 na 12, na katika kompyuta za leo prosesa na kadi ya grafiki, yaani walaji wakubwa, hula kwenye 12. Zidisha ampea za mstari huo kwa 12. Boksi lililoandikwa wati 500 lenye ampea 22 kwenye volti 12 linatoa wati 264 mahali zinapohitajika. Zilizobaki zimewekwa kwenye volti ndogo ambazo mashine yako haizihitaji kwa wingi huo. Penye njia mbili za volti 12, usijumlishe ampea zake kiholela. Tafuta kikomo cha pamoja kilichochapishwa kwenye lebo.

Sasa hesabu ya mlaji. Core i5-3470 imepangiwa wati 77. Madabodi, memori, diski na feni tuzipe 40 au 50. Kadi ya GTX 1650 ni wati 75, kiasi ambacho tundu la madabodi limeruhusiwa kutoa bila waya wa ziada. Jumla ni karibu wati 200, na pawasaplai ya OptiPlex hiyo ni ya wati 240. Itatosha, ila kwa kubanana. Nvidia yenyewe inapendekeza 300. RTX 3060 inakula wati 170 peke yake na hupendekezewa 550, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Ukiona fundi anaunganisha kadi kubwa kwa adapta iliyotolewa kwenye waya wa diski ya SATA, mzuie. Plagi hiyo imepangiwa ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54, na plastiki yake huyeyuka.

Pwani ya Ziwa Tanganyika ina nyongeza yake. Kiwango cha pawasaplai nzuri hupimwa kwenye nyuzi 40 au 50. Nyingi za bei rahisi hupimwa kwenye 25, joto ambalo chumba chenye bati Rumonge hulipita mapema tu asubuhi. Kapasita zake nazo, kwa makadirio ya mafundi, hupoteza nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo maana napendelea hesabu isizidi theluthi mbili ya uwezo. Wengine wataniona mwoga. Wala usihofu kwamba ya wati 550 itamaliza umeme wa kulipia kabla: inavuta kile tu kinachohitajika, pamoja na kinachopotea kama joto.

Mwenye multimita apime waya wa njano, ule wa volti 12, kazi nzito ikiendelea. Volti ziwe kati ya 11.4 na 12.6. Zikishuka chini ya hapo, pawasaplai imezidiwa au imechoka, hata kama lebo inaisifu. Umeme wa ukutani ukikatika, pawasaplai ya kawaida hushikilia milisekunde kumi na kitu tu. UPS ndiyo huchukua zamu, nayo isomwe kwa wati, kwani ya VA 650 mara nyingi haifiki wati 400.

Na kabla ya kusafiri zaidi ya kilomita 70 hadi Bujumbura kununua nyingine, fungua kompyuta. OptiPlex 7010 inapokea plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 ya kizazi kilichofuata ina ya pini 8 ya Dell wenyewe. Kasha jembamba nalo halipokei pawasaplai ya kipimo cha kawaida. Ichomoe ya zamani, uende nayo mkononi.