Linki ya kuchomoa: rafiki wa korongo, adui wa msahaulifu

Kabla ya kuondoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kuelekea Loya upande wa Mbuga ya Wembere, dereva wa Land Cruiser mkonga hukagua dizeli, tairi na koleo. Ni wachache wanaoinama kutazama stabilaiza.

Hiyo ni fimbo ya chuma iliyopinda, inayounganisha mwendo wa tairi la kushoto na la kulia. Kwenye kona ya lami huzuia gari lisilale upande. Kwenye korongo hugeuka kikwazo: tairi moja likipanda, fimbo hulizuia la pili lisishuke. Linabaki hewani likizunguka bure, nawe umekwama pakavu.

Dawa ya gereji nyingi ni kung'oa linki, yaani viungo vinavyoishika fimbo hiyo kwenye ekseli, na kuzitupa. Gari hutembea vizuri tu, hadi siku ng'ombe watakapokatiza mbele yako ukiwa kwenye mwendo wa 80. Gari lililonyanyuliwa, lenye mzigo juu ya keria na lisilo na stabilaiza, ukikata usukani ghafla linaweza kulala.

Afadhali linki ya kuchomoa, inayoshikwa kwa pini unayoitoa kwa mkono. Jeep Wrangler Rubicon ya 2007 iliwekewa swichi ya kazi hiyo. Mwenye mkonga atalala chini ya gari.

Ukinunua, anza na urefu. Gari likiinuliwa sentimita 5, linki ya kiwandani haitoshi tena. Chukua inayorekebishika, uipime hadi mikono ya stabilaiza ilale sawa gari likiwa tambarare. Kisha angalia maungio. Ya chuma hupinda zaidi, lakini vumbi likiingia huanza kugonga. Kwa gari la kazi, bushi za mpira zinatosha. Hakikisha pia pana pa kuifungia stabilaiza isiguse tairi, na kwamba mpira wa breki ni mrefu, maana ekseli itashuka kuliko zamani. Prado, isiyo na ekseli nzima mbele, haitafaidi sana.

Chomoa penye tambarare. Penye mteremko pini hubanwa.

Mpagazi wa misafara iliyopita Tabora aliishi kwa kutua na kutwika. Linki hizi zinadai yote mawili. Ukichomoa, funga kitambaa chekundu kwenye usukani, na usikifungue mpaka pini zirudi mahali pake. Lami haisubiri ukumbuke.