Piramidi ya Taharqa kwa Hesabu

Sudan ina piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko Misri. Takwimu hiyo ni sahihi, ila inahesabu majengo bila kusema kila moja lilimeza mawe kiasi gani. Tuchukue kubwa kupita zote za wafalme wa Kushi, dola ya kale ya Sudan: ile ya Taharqa huko Nuri, mfalme aliyetawala tangu 690 hadi 664 K.K.

Kitako chake ni mraba wa mita 51.75, yaani mita za mraba 2,678. Utata uko kwenye kimo, maana kilele kimeporomoka na makadirio ni mita 40 hadi 50. Kwa mita 40, ujazo ni mita za ujazo 35,700. Kwa 50, ni 44,600. Pengo hilo la asilimia 25 linatokana na kipimo kimoja kilichokisiwa.

Ya Farao Khufu, huko Giza, Misri, hapo awali ilikuwa na upande wa mita 230, kimo cha mita 146.6 na ujazo wa karibu mita za ujazo milioni 2.6. Ya Taharqa ni asilimia 1.4 hadi 1.7 tu ya hiyo.

Tukichukua ujazo mdogo, na tani 2.2 kwa mita moja ya ujazo, tunapata tani 78,500. Zigawe kwa miaka 26: tani 8 kwa siku. Lakini hapo tumedhani kwamba lote ni jiwe tupu na kwamba ujenzi ulienda sawia miaka yote. Tena, mwaka 671 K.K. Waashuru waliteka Memphis, mji wa Misri uliokuwa chini ya Taharqa. Kama kazi ilikwisha kabla ya hapo, miaka ni 19 na mzigo wa siku ni tani 11.

Mimi naona gharama kubwa zaidi iko chini ya piramidi. Mwanaakiolojia George Reisner, aliyechimba Nuri kati ya 1916 na 1918, alikuta humo ushabti 1,070: sanamu ndogo za kumfanyia marehemu kazi ahera. Ni za mawe, zimeshika majembe, na miilini zimechongwa maandishi. Seti kamili ya Misri ilikuwa 401, yaani 365 kwa siku za mwaka na wasimamizi 36. Taharqa alikuwa nazo mara 2.7.

Jiwe la ujenzi hudai zaidi nguvu, lakini uso na mistari ya maandishi huhitaji fundi stadi. Tukikisia siku 10 kwa sanamu moja, na siku 300 za kazi kwa mwaka, fundi mmoja angehitaji karibu miaka 36, kupita utawala wote. Kwa siku 5, miaka 18 ingemtosha.