Kutafuta wagonjwa wa utafiti Ruashi: falanga ziende wapi?

Tuseme unaandika memwari ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na unawatafuta akina mama wa komine ya Ruashi waliopandwa na shinikizo la damu wakiwa wajawazito mwaka jana. Muda ni mfupi na mfuko ni mwembamba. Usikimbilie kompyuta kabla ya kupiga hesabu.

Rejista ya karatasi ipo katika kila kituo cha afya na haidai umeme. Inachodai ni saa. Rejista yenye mistari 6,000, ukisoma mistari 100 kwa saa, ni saa 60 za kazi. Ukiweka wasaidizi, ongeza nauli na chakula chao. Wape wawili kurasa chache zilezile wazisome kila mtu peke yake, ili ujue mwandiko mbaya unakupotezea majina mangapi. Kwa swali moja tu, hii ndiyo njia ya bei nafuu.

Ukiwa na maswali mawili au zaidi, chapa safu unazozihitaji kwenye jedwali la kompyuta. LibreOffice ni bure na inatosha. Kuchapa kunachukua muda mrefu kuliko kusoma, lakini swali la pili halikugharimu tena.

Kisha kuna mifumo kamili ya faili za wagonjwa. OpenMRS, ulioanza mwaka 2004 na kukulia Eldoret, Kenya, hauna ada ya leseni. OpenClinic nao hivyo hivyo. Pesa inaishia kwingine: seva, betri na inverta za kuvumilia umeme wa SNEL unapokatika, fundi, mafunzo, na mshahara wa anayeingiza data kila siku. Faili za miaka iliyopita hazimo mpaka mtu azichape.

Hata zikiwemo, kutafuta si kubonyeza tu. Daktari mmoja ameandika "HTA", mwingine "tension", wa tatu ameacha 160/100 bila neno. Kituo kikikubaliana kutumia namba za CIM-10, yaani uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, shinikizo la damu la ujauzito liko kati ya O10 na O16, na utafutaji unakuwa wa dakika. Bila makubaliano hayo, umenunua rejista ya bei ghali. Muuzaji akikuambia mfumo wake ni wa bure, muulize nani atakuja ukiharibika, kwa bei gani, na kama utaweza kutoa data yako yote bila kumlipa.

SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya unaotumia programu ya DHIS2, isikudanganye. Inahesabu wagonjwa wa mwezi; jina la mgonjwa halimo.

Weka akiba ya gharama ambazo hakuna anayezitaja: kamati ya maadili, safari za kufuata barua ya daktari mkuu wa zoni ya afya, na vocha za kuwapigia watu ambao wengi wamebadilisha namba. Kumpata mtu kwenye faili si kupata ridhaa yake. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za watu, kwa hiyo ondoa majina, tumia namba, na orodha ya kuunganisha ibaki kituoni.

Tena, si kila swali linajibiwa na rejista. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Lubumbashi uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Kazi ya baba katika migodi ilihusiana na kasoro hizo. Watafiti waliwauliza akina mama wenyewe. Rejista isiyoandika kazi ya baba, hata ukiichapa kwenye mfumo wa maelfu ya dola, haitakupa jibu hilo, na Ruashi, yenye mgodi wa shaba na kobalti, inalihitaji jibu hilo kuliko komine nyingi.

Kwa hiyo, kituo chenye falanga za kitu kimoja tu mwezi huu kinunue rejista mpya, yenye safu ya kazi ya baba, kazi ya mama, mtaa wanaoishi, na namba ya simu ya ndugu.