Denmark na Singapore: Ndogo kwa eneo, tofauti kwa maisha

Katika mikutano ya ushirika na hata kwenye vijiwe vya kahawa, si jambo geni kumsikia mtu akisema kwamba nchi hujengwa na madini, mafuta na ardhi kubwa yenye rutuba. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini zipo nchi mbili ndogo zinazoifanya iwe ngumu kuitetea. Nazo ni Denmark, iliyoko kaskazini mwa Ulaya, na Singapore, kisiwa kilichoko kusini kabisa mwa Rasi ya Malay, barani Asia.

Kila moja ya nchi hizo ina watu wapatao milioni 6, idadi iliyozidi kidogo tu ile ya Mkoa wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu milioni 5.4. Denmark, ukiacha Greenland na visiwa vya Faroe, ina eneo la kilometa za mraba 43,000 hivi, yaani inakaribiana na Mkoa wa Manyara. Singapore ni ndogo zaidi. Ina kilometa za mraba 735 tu, chini ya nusu ya kisiwa cha Unguja.

Wananchi wa nchi zote mbili wanaishi vizuri na kwa muda mrefu, zaidi ya miaka 80 kwa wastani. Aidha, katika orodha ya mwaka 2024 ya shirika la Transparency International, Denmark ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa kuwa na rushwa kidogo, na Singapore ilikuwa ya tatu. Hata hivyo, njia zilizowafikisha hapo hazifanani, na maisha ya kila siku ya mwananchi wa kawaida ni tofauti kama usiku na mchana.

Mkulima aliyebanwa na bei

Denmark ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya wakulima wa nafaka. Miaka ya 1870 meli za mvuke na reli zilianza kuleta Ulaya ngano ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi. Bei ikaporomoka. Baadhi ya nchi, ikiwamo Ujerumani, ziliongeza ushuru ili kuwalinda wakulima wao. Denmark ilifuata njia nyingine. Wakulima wake waliamua kuinunua ile nafaka rahisi, wakaitumia kulisha ng'ombe na nguruwe, kisha wakauza siagi na nyama kwa Waingereza.

Tatizo lilikuwa kwamba mkulima mwenye ng'ombe watatu au wanne hakuweza kununua mashine ya kutenganisha krimu, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imegunduliwa. Mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding, magharibi mwa nchi, walikopa pamoja, wakadhaminiana na kujenga kiwanda chao cha maziwa. Kila mmoja aliahidi kupeleka huko maziwa yake, na maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu yalirudi kwa mkulima kulishia nguruwe. Mwaka 1887, Ujerumani ilipozuia nguruwe hai kutoka Denmark, wakulima wa Horsens walianzisha machinjio ya ushirika. Hadi kufikia mwaka 1900 viwanda vya maziwa vya ushirika vilikuwa vimefika 1,000 hivi.

Siri ya ushirika ule ilikuwa katika kanuni moja, kwamba kura inapigwa kwa kichwa cha mtu na si kwa idadi ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe 2 na mwenye ng'ombe 50 walikuwa na kura moja moja. Jambo la pili lilikuwa elimu. Sheria ya kumpeleka kila mtoto shule ilipitishwa mwaka 1814, na kuanzia mwaka 1844 zikaanzishwa shule za bweni za vijana wa vijijini, zisizo na mitihani, kwa mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig. Kwa hiyo mkulima aliyechaguliwa kuwa mweka hazina alijua kusoma hesabu, na waliomchagua walijua kuzikagua.

Msomaji wa Tanzania asilione jambo hilo kuwa la mbali. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza hapa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden vilitokana na mfumo huo huo uliozaliwa Denmark.

Kisiwa kisicho na shamba

Singapore ilijitenga na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, ikiwa haina madini, haina mafuta, na maji ikiyapata kwa bomba kutoka nchi ile ile iliyoachana nayo. Waziri Mkuu wake, Lee Kuan Yew, aliyeongoza kuanzia mwaka 1959 hadi 1990, aliamua kwamba nchi itaishi kwa bandari, viwanda na utawala usiovumilia rushwa.

Kilimo kilikuwa cha kwanza kutolewa kafara. Kisiwa hicho kilikuwa na wafugaji wa nguruwe na kuku, pamoja na wakulima wa mboga. Mwaka 1984 serikali iliamua kuondoa ufugaji wa nguruwe hatua kwa hatua, kwa sababu ulichafua maji na kuchukua ardhi iliyohitajika kwa nyumba na viwanda. Leo zaidi ya asilimia 90 ya chakula cha Singapore hununuliwa nje.

Hasara ya uamuzi huo huonekana pale jirani anapofunga mlango. Juni 2022 Malaysia ilizuia kuuza kuku nje, na wauza wali kwa kuku wa Singapore, ambao hicho ndicho chakula chao maarufu, walibaki wakihangaika. Mwaka 2019 serikali ilikuwa imejiwekea lengo la kuzalisha asilimia 30 ya mahitaji yake ya lishe ifikapo mwaka 2030, lakini lengo hilo liliachwa mwaka 2025 na kuwekwa mengine. Fedha inaweza kununua chakula, lakini haiwezi kumlazimisha mwenye nacho akuuzie.

Nani analipa, nani analipiwa

Tofauti kubwa kati ya nchi hizi iko mfukoni. Nchini Denmark Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 25, na mwenye kipato kikubwa hukatwa zaidi ya nusu ya kila krona anayoongeza juu ya kiwango fulani. Badala yake, hospitali ni bure, chuo kikuu ni bure, na mwanafunzi hupewa na serikali fedha za kujikimu kila mwezi bila kudaiwa kuzirudisha.

Singapore hutoza asilimia 9 tu kwenye bidhaa na huduma, kiwango kilichoanza Januari 2024, na kodi ya mapato haizidi asilimia 24. Lakini mfanyakazi aliye chini ya miaka 55 hukatwa asilimia 20 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 17, zote zikiingia katika akaunti ya mfanyakazi mwenyewe. Akiba hiyo ndiyo humnunulia nyumba, humtibu na kumtunza uzeeni. Mwenye kipato kidogo hupewa ruzuku, lakini msingi ni kwamba kila mtu ajiwekee chake.

Matokeo yake kwenye makazi ni ya kushangaza. Nchi inayosifiwa kwa soko huria ndiyo ambayo karibu wananchi 8 katika kila 10 wanaishi katika maghorofa yaliyojengwa na serikali, na wengi wao wamenunua nyumba hizo kwa hati ya miaka 99. Serikali hata huweka kiwango cha Wachina, Wamalay na Wahindi katika kila jengo, ili pasiwe na mtaa wa kabila moja. Utaratibu huo ulianza mwaka 1989.

Kuhusu magari, nchi zote mbili humbana mnunuzi. Denmark hutoza ushuru wa usajili ambao kwa gari la kifahari hupita bei ya gari lenyewe, na wengi huona bora kupanda baiskeli. Singapore hutaka kwanza ununue kwa mnada kibali cha miaka 10, ambacho mwaka 2023 kilipita dola 100,000 za nchi hiyo kabla hujagusa gari.

Mtoto na mzee

Wadenmark wana desturi ya kutojikweza. Mtu anayejigamba kwa mali au cheo huonekana hana adabu. Shuleni mtoto hapewi alama hadi anapofika darasa la nane. Singapore wanalo neno lao, kiasu, lenye maana ya kuogopa kupitwa na wenzako. Mtoto wa miaka 12 hufanya mtihani mzito wa kumaliza shule ya msingi, na wazazi wengi hulipia masomo ya ziada.

Kuhusu wazee, Denmark halmashauri ndiyo humpelekea mzee msaidizi nyumbani, na watoto huja kumtembelea. Singapore mzee ni jukumu la wanawe, na sheria ya mwaka 1995 inamruhusu mzazi asiyejiweza kuwadai watoto wake matunzo mbele ya baraza maalumu. Wengi wetu tungeona desturi ya Singapore inafanana zaidi na ya kwetu, ingawa tungesikitika kwamba ilibidi itungiwe sheria.

Machinga wa Singapore

Kwa wafanyabiashara wadogo, sehemu hii ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Miaka ya 1960 mitaa ya Singapore ilijaa wauza vyakula, wakikimbizana na askari. Serikali iliwasajili mwishoni mwa miaka hiyo, kisha kati ya 1971 na 1986 ikawahamishia katika masoko ya chakula yenye maji, umeme na vyoo. Mengi yalijengwa katikati ya makazi na karibu na vituo vya usafiri, mahali walipo wateja, na wa mwanzo walipewa vizimba kwa kodi nafuu. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa dunia usioshikika. Tatizo la sasa ni kwamba wachuuzi wanazeeka na vijana hawataki kukaa jikoni saa nyingi kwa faida ndogo.

Kila raha na gharama yake

Isidhaniwe kwamba huko ni peponi. Chama kimoja kimetawala Singapore tangu mwaka 1959, mkutano wa hadhara unahitaji kibali, na msafirishaji wa dawa za kulevya anaweza kunyongwa. Kizazi nacho kimepungua mno, kwani mwaka 2023 mwanamke mmoja alizaa kwa wastani chini ya mtoto mmoja.

Denmark, ambayo hadi mwaka 2025 ilikuwa imezoea kushika nafasi tatu za kwanza katika ripoti ya dunia ya furaha, imewapoteza wakulima wake wadogo. Mashamba yaliyokuwa karibu 200,000 mwaka 1960 sasa ni kama 30,000, makubwa na yenye madeni mazito. Nguruwe ni karibu mara mbili ya watu, na mbolea imeharibu maji ya ghuba zake. Ndiyo maana mwaka 2024 bunge lake lilikubaliana kuanza kutoza kodi ya hewa chafu ya mifugo ifikapo mwaka 2030.

Kwetu sisi, vyama vikuu vya ushirika vilivyojengwa na wakulima, kama KNCU iliyoanza mwaka 1933, vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Machinga nao waliondolewa barabarani mwaka 2021, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba maeneo mapya hayana wateja. Mkulima anayekwenda kwenye mkutano mkuu wa chama chake aombe kuonyeshwa vitabu vya hesabu kabla ya kupiga kura. Mfanyabiashara anayeitwa kujadili soko jipya aulize kwanza wateja watapita wapi. Hayo hayahitaji mafuta wala madini.