Usijenge katika njia ya ndege



Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya hatari za kazini: jiwe linaloanguka, kamioni inayorudi nyuma, mkono unaokamatwa na mashine. Leo tutoke karieri, twende mahali unapotaka kujenga nyumba yako.

Wengi kati yetu, wakikaribia kuacha kazi, wanatafuta parseli. Siku moja mtu anawaonyesha parseli ya bei ndogo. Ni tambarare, haina miti, barabara iko karibu. Kiwanja cha ndege nacho kiko karibu. Jiulize: kwa nini bei ni ndogo hivi? Soma mpaka mwisho kabla ya kutoa feza yako.

KILA KAZI YA HATARI INA MPAKA WAKE

Wewe mtu wa mine unajua jambo hili vizuri. Kabla ya kulipua baruti, king'ora kinalia, walinzi wanafunga njia, kila mtu anaondoka. Hakuna anayesema: «Mimi nitabaki, kwa kuwa jana jiwe halikufika hapa.» Mpaka umewekwa kwa ajili ya ile siku moja ambapo jiwe litafika.

Kiwanja cha ndege nacho kina mpaka wake. Ule uwanda mtupu unaouona mbele ya pisti na kando yake haukusahauliwa na Serikali. Ni sehemu ya kazi ya ndege, kama vile freni ni sehemu ya kamioni.

Sheria hizi zinafuatwa katika dunia nzima. Zinatoka katika OACI, shirika la mataifa la usafiri wa anga, lililotokana na mapatano ya Chicago ya mwaka 1944. Katika nchi yetu ya Kongo, RVA ndiyo inayoendesha viwanja vikubwa vya ndege, na AAC inasimamia usalama wa usafiri wa anga. Masharti ya ardhi yako ya namna tatu: mwisho wa pisti, kando ya pisti, na hewa iliyo juu yake.

1. MWISHO WA PISTI

Ndege kubwa inaacha ardhi ikiwa na mbio ya kilomita 250 kwa saa au zaidi. Maana yake, kwa sekunde moja inapita karibu mita 70. Kama mota inaharibika wakati huo na rubani anafunga freni, au kama ndege inatua mbali wakati wa mvua na magurudumu yanateleza, pisti inaweza kumalizika kabla ndege haijasimama.

Kwa sababu hiyo, baada ya mwisho wa pisti lazima kuwe na mita 60 zilizosawazishwa, na baada yake eneo lingine la usalama. Kwa pisti za ndege kubwa, eneo hilo lisipungue mita 90, na OACI inashauri lifike mita 240. Mita 60 na mita 240 ni mita 300: viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Hapo hapajengwi nyumba, hapachimbwi shimo la matofali, hapawekwi soko.

Sisi wa Katanga tuna sababu nyingine ya kuangalia. Kiwanja cha Luano, Lubumbashi, kiko karibu mita 1.300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto la mwezi wa Oktoba linaifanya iwe nyepesi zaidi. Katika hewa nyepesi mabawa yanabeba kidogo na mota zinapoteza nguvu. Ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, inahitaji kukimbia mbali zaidi kuliko ingekuwa pwani kule Banana. Kwa hiyo mwisho wa pisti zetu si mahali pa kuchezea.

2. KANDO YA PISTI

Ndege inaweza pia kutoka pembeni, kwa ajili ya upepo au gurudumu lililopasuka. Kwa pisti kubwa ambapo ndege zinatua kwa msaada wa vyombo, sheria inataka mita 140 kila upande, ukipima toka mstari wa katikati. Baada ya mita hizo urefu wa vitu unaanza kuruhusiwa pole pole: mita 1 ya kwenda juu kwa kila mita 7 za kwenda mbali.

Katika uwanda huo watu wanapenda kulima mahindi, kuchunga mbuzi na kukata njia ya mkato kwenda soko. Mbuzi mmoja mbele ya ndege inayokimbia anatosha kuleta ajali. Hata kipande kidogo cha chuma kinatosha. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege Concorde ilikanyaga ukanda wa chuma ulioanguka toka ndege nyingine. Gurudumu lilipasuka, tangi likatoboka, moto ukawaka. Watu 113 walikufa, na wanne kati yao hawakuwa katika ndege: walikuwa katika hoteli ambapo ndege iliangukia.

3. HEWA ILIYO JUU

Hapa ndipo wengi hawajui. Hata kama parseli yako iko nje ya mita 300, hewa iliyo juu yake inaweza kuwa na masharti.

Fikiri ubao mkubwa unaoanzia mita 60 toka mwisho wa pisti na kupanda pole pole kuelekea mbali. Kwa pisti kubwa, ubao huo unapanda mita 2 kwa kila mita 100. Kitu chochote kisiutoboe: si nyumba, si mti, si antena, si tangi la maji. Fanya hesabu pamoja nasi, ukipima toka pale ubao unapoanzia:

— Kwa mita 200, mwisho ni mita 4. Nyumba yenye paa la juu imekwisha kuupita.
— Kwa mita 500, mwisho ni mita 10. Nyumba ya orofa mbili na antena yake haifai.
— Kwa mita 1.000, mwisho ni mita 20. Mti wa mkaliptusi uliokomaa unapita hapo.

Tena, mita hizi zinahesabiwa toka usawa wa pisti. Kama ardhi yako iko juu ya kilima, kilima chenyewe kimekwisha kula sehemu yako.

Utauliza: «Mbona ndege ikija kutua inapita juu sana?» Ni kweli. Katika siku njema, ndege iliyobakiza kilomita moja kufika iko karibu mita 65 toka chini. Lakini sheria haikuandikwa kwa siku njema. Ndege ya mota mbili ambayo mota moja imezimika baada ya kuruka inapanda kidogo sana: mita 2 na kidogo kwa kila mita 100. Rubani huyo hawezi kuzunguka mti wako.

Na kuzunguka kiwanja chote, mpaka kilomita 4, kitu kisipite mita 45 juu ya usawa wa kiwanja. Sharti hilo linahusu zaidi minara na majengo marefu.

YALIYOTOKEA KATIKA NCHI YETU

Tarehe 8 Januari 1996, pale Ndolo, Kinshasa, ndege Antonov 32 yenye mzigo kupita kiasi ilishindwa kupanda. Ilipita mwisho wa pisti na kuingia katika soko lililojaa watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa watu wa soko.

Goma, mwezi wa Januari 2002, moto wa mlima Nyiragongo ulifunika sehemu ya pisti, ikabaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege DC-9 ilishindwa kuruka hapo, ikatoka pisti na kuangukia mtaa wa Birere. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao hawakuwa wasafiri. Tarehe 24 Novemba 2019, katika mji ule ule, ndege ndogo ilianguka juu ya nyumba mara baada ya kuruka, na watu zaidi ya 20 walikufa.

Wale mama waliokuwa wakiuza muhogo hawakununua tikiti. Walikuwa tu mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na soko.

TAKATAKA, MOSHI NA TAA

Shimo la takataka linaita ndege wenye manyoya: kunguru, mwewe, korongo. Mmoja akiingia katika mota anaweza kuivunja. Kwa hiyo inashauriwa jalala la mji liwe mbali, kilomita 13 toka kiwanja. Moshi wa tanuru la matofali, wa makala na wa kuchoma majani unamfunika rubani macho. Na taa kali zilizopangwa mstari zinaweza kumdanganya usiku.

MASIKIO NA USINGIZI

Mfanyakazi anayeshinda karibu na kinu au mashine ya kutoboa amekwisha kubebesha masikio yake mzigo wa kutosha. Jioni masikio yanahitaji kupumzika. Na wewe wa ekipe ya usiku unalala mchana, wakati ndege zinapita. Usingizi unaokatwa-katwa unachosha moyo na kuleta hasira nyumbani. Kesho yake kazini, mtu mwenye usingizi haoni hatari. Watoto nao hawasikii mwalimu vizuri kama shule iko chini ya njia ya ndege.

KABLA YA KUNUNUA PARSELI

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Karatasi ya muuzaji, au neno la mzee wa kijiji peke yake, havikupi haki kamili. Kinachokulinda ni cheti cha kuandikishwa kwa ardhi. Basi fanya hivi:

1. Nenda biro ya kadasteri na ile ya mipango ya mji. Omba kuona plani, si kusikia maneno tu.
2. Uliza komanda wa kiwanja cha ndege kama parseli iko ndani ya mipaka, na nyumba inaruhusiwa urefu gani. Omba jibu la maandishi.
3. Simama katika parseli asubuhi na jioni. Kama ndege zinapita juu ya kichwa chako magurudumu yakiwa nje, umekwisha kujua.
4. Angalia alama za mpaka na ukuta. Alama iliyong'olewa haiondoi sheria.
5. Muuzaji akikuharakisha na kusema «wengi wamekwisha jenga», rudisha feza mfukoni. Nyumba iliyojengwa mahali palipokatazwa inaweza kubomolewa, na matofali yako ya miaka ishirini ya kazi yatabaki vumbi.

NA WEWE UNAYEKAA HAPO TAYARI

Usiongeze orofa. Kata miti mirefu. Usiwashe moto mkubwa. Funga takataka zako. Kataza watoto kupita ukuta wa kiwanja, hata kwa kufuata mpira. Ndege ikianguka, peleka watu wako mbali, upande unakotoka upepo. Usikimbilie kutazama wala kuchota mafuta, kwa maana moto unaweza kuwaka wakati wowote. Tena, anza sasa kutafuta mahali pengine, pole pole, kabla hujalazimishwa.

Ndugu msomaji, kazini huvuki kamba nyekundu ya walipuaji. Uwanda wa kiwanja cha ndege nao ni kamba nyekundu, ingawa haionekani. Zungumza na mke wako au mume wako juu ya jambo hili jioni hii, na umwambie jirani anayetafuta parseli.