Barua ilifika, ufunguo ndio haukuwapo

BINTI mmoja wa Rukanga, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta, alipigiwa simu na rafiki yake aliyeko Mombasa. Rafiki huyo alitaka kujua mbona hakuonekana kwenye mahojiano ya kazi.

“Mahojiano gani?” binti akauliza kwa mshangao.

“Si tuliandikiwa barua pepe sote? Yapata wiki mbili sasa!”

Kumbe barua ilikuwa imeandikwa, ikatumwa na ikafika. Lakini anwani ya binti huyo ilikuwa imefunguliwa na kijana wa saiba moja siku alipokwenda kujaza fomu. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, kijana huyo alitia nambari yake mwenyewe ya simu, akabuni nywila, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ilipotea kabla ya mwezi kwisha. Kijana naye alikuwa ameshahama, na simu yake haikupatikana tena.

Babu yake, aliyekuwa ameketi barazani akisikiliza masaibu hayo, aliuliza jambo moja.

“Mjukuu wangu, zamani zetu barua ilikaa posta kule Voi mpaka uende na ufunguo wa sanduku. Hii yako imekaa wapi?”

“Iko mtandaoni, Babu.”

“Mtandaoni ni wapi?”

Binti alinyamaza. Hata sisi tulio mjini, tutumao barua pepe kila uchao, tukiulizwa swali hilo huenda wengi wetu tukanyamaza vile vile. Makala haya yanajaribu kumjibu mzee huyo.

SANDUKU NA POSTA YAKE

Mzee alikuwa karibu na ukweli alipotaja sanduku la posta. Barua ya kawaida iendayo Voi huandikwa jina la mtu, nambari ya sanduku, kisha 80300 Voi. Hiyo 80300 kazi yake ni kuwaambia watu wa posta barua ipelekwe mji upi. Ikishafika Voi, ndipo nambari ya sanduku inapotazamwa.

Anwani ya barua pepe nayo ina sehemu mbili, zinazotenganishwa na alama ya @, ambayo vijana wa saiba huisoma “ati”. Yaliyo kulia kwa alama hiyo, kama vile gmail.com au jina la chuo linaloishia na .ac.ke, ni jina la posta. Yaliyo kushoto ni sanduku lako ndani ya posta hiyo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na jina moja upande wa kushoto bila barua zao kuchanganyika, mradi posta zao ni tofauti.

Alama hiyo iliteuliwa mwaka 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman. Kabla ya hapo, watu waliotumia tarakilishi moja waliweza kuachiana ujumbe ndani yake. Tomlinson alitunga programu ya kuvusha ujumbe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, akahitaji alama ya kutenga jina la mtu na jina la tarakilishi. Alichagua @ kwa sababu haikuwa ikitumiwa katika majina ya watu. Ajabu ni kwamba tarakilishi mbili za jaribio lake la kwanza zilikuwa katika chumba kimoja, zimewekwa bega kwa bega. Tomlinson alifariki mwaka 2016.

SAFARI YENYEWE

Tuseme binti wetu yuko Rukanga na anamwandikia kaka yake anayefanya kazi Doha, Qatar. Anaandika kwenye simu yake, kisha anabonyeza mahali pa kutuma.

Barua haiendi Doha moja kwa moja. Kwanza husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mnara wa simu ulio karibu. Kama mlima umeyakinga mawimbi, barua hungoja ndani ya simu mpaka mtandao urudi. Jambo hili huwachanganya wengi. Ukituma barua mahali pasipo na mtandao, barua hiyo bado unayo mfukoni.

Mtandao ukipatikana, barua hupelekwa kwenye posta ya mtumaji, yaani tarakilishi ziitwazo seva, ambazo hufanya kazi usiku na mchana katika majengo maalumu. Majengo hayo yanaweza kuwa Nairobi, Ulaya au Marekani, kulingana na kampuni uliyojisajili kwayo. Njiani barua hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na nambari yake. Kipande kisipofika, hutumwa tena. Vikifika vyote, hupangwa upya vikawa barua moja.

Seva ya mtumaji sasa hutazama yaliyo kulia kwa @. Halafu huuliza daftari la majina ya intaneti, liitwalo DNS, lililobuniwa mwaka 1983: “Barua za posta hii hupokewa na seva ipi?” Ikishajibiwa, huibishia hodi seva hiyo.

Lugha ya mazungumzo ya seva hizo mbili huitwa SMTP, na kanuni zake ziliandikwa na Jon Postel wa Marekani mwaka 1982. Ni mazungumzo mafupi yenye adabu. Mgeni hujitambulisha, hutaja barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, huikabidhi, kisha huaga. Mwenyeji hujibu kila hatua kwa nambari. Akisema 250, maana yake ni sawa, nimekubali. Akisema 550, aghalabu maana yake ni kwamba mtu huyo hayuko hapa.

Barua ikikubaliwa, huwekwa katika sanduku la mpokeaji, ndani ya seva ya posta yake. Hapo ndipo mahali alipokuwa akipauliza mzee wetu. Simu ya mpokeaji inaweza kuwa imezimwa, imeibwa au imetumbukia kisimani, na barua itangoja tu. Siku atakapowasha simu nyingine na kutoa nywila yake, ataikuta.

Safari yote hiyo kwa kawaida huchukua sekunde chache.

ENZI ZA KUNGOJA SIMU

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapema katika miaka ya 1990, kabla Kenya haijaunganishwa na intaneti, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilikuwa na huduma ya barua pepe ya mtindo wa FidoNet iliyotumiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Barua zilikusanywa kwanza katika tarakilishi moja. Kisha simu ya kawaida ilipigwa kati ya tarakilishi hiyo na ile ya GreenNet mjini London, zikabadilishana mafurushi ya barua, na simu ikakatwa. Aliyekosa furushi la leo alingoja la kesho.

Wataalamu wa afya nao walikuwa na HealthNet, iliyotumia setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku. Setilaiti hiyo ilibeba barua kutoka kituo kimoja na kuzishusha ilipopita juu ya kingine, mithili ya matatu ya kijijini yenye safari mbili tatu tu.

Mwaka 1995 Kenya ilipata muunganisho kamili wa intaneti, na kampuni kama Africa Online zikaanza kuwauzia wananchi huduma hiyo. Hata hivyo, njia ya kutoka nchini ilibaki kuwa setilaiti, tena ghali na nyembamba, hadi nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Barua itokayo Rukanga kwenda ng'ambo leo huenda ikapita chini ya Bahari Hindi, ikibebwa na mwanga ndani ya nyuzi za kioo.

BARUA IKIKWAMA

Je, posta ya mpokeaji ikiwa imefungwa kwa hitilafu ya umeme au mtambo? Seva ya mtumaji haikati tamaa upesi. Hujaribu tena baada ya muda, na kanuni za barua pepe zinashauri iendelee kwa siku 4 au 5 kabla ya kusalimu amri. Ikishindwa kabisa, au ikijibiwa 550, humwandikia mtumaji kumpa habari. Barua hiyo ya kurudishwa mara nyingi huja kwa jina la Mailer-Daemon. Msomaji, ukiiona usiifute kabla ya kuisoma, kwani pengine umekosea herufi moja tu katika anwani.

Vyeti na picha navyo vina mambo yake. Barua pepe iliundwa kwa ajili ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza. Mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni ziitwazo MIME, zilizowezesha picha, sauti na maandishi ya lugha zote kusafiri. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, kisha hurudishwa umbo lake kikifika. Katika ugeuzaji huo kila herufi 3 huwa 4, ndipo kiambatisho kikaongezeka uzito kwa thuluthi moja. Gmail haipokei kiambatisho cha kutumwa kinachozidi megabaiti 25. Mwanafunzi anayetuma picha kumi za vyeti vyake kwa mpigo na akaunti ikakataa, asidhani amerogwa.

JINA LA NYUMA YA BAHASHA

Kuna kasoro moja ya zamani ambayo imewaliza watu wengi. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la mkuu wa wilaya nyuma ya bahasha, akaitia posta. Kanuni za SMTP za mwaka 1982 zilikuwa hivyo pia, kwani seva haikuuliza kama mtumaji ndiye hasa.

Siku hizi kuna mihuri ya kuthibitisha posta iliyotuma barua, nayo hukaguliwa na seva bila sisi kuona. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewataka watumaji wa barua nyingi kuitumia mihuri hiyo. Lakini muhuri huthibitisha posta tu. Haukuhakikishii kwamba mwenye sanduku ni mtu mwaminifu.

Kwa hiyo, barua ikisema umepata kazi na utume pesa kwanza, soma herufi kwa herufi yaliyo kulia kwa @. Jina la ofisi kubwa likiambatana na posta usiyoijua, piga simu ofisi yenyewe kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si iliyomo ndani ya barua.

UFUNGUO UWE WAKO

Anwani ya barua pepe si pambo. Huhitajika kuomba mkopo wa masomo wa HELB, kufungua akaunti ya eCitizen na kupata PIN ya ushuru kupitia iTax. Anayemiliki nywila ya anwani yako anaweza kubadilisha nywila za huduma nyingi ulizojisajili kwa anwani hiyo. Wazazi, hakikisheni mambo haya kabla mtoto hajaondoka shuleni:

Kwanza, anwani ifunguliwe kwa nambari ya simu ya mwenyewe au ya mzazi, kamwe isiwe ya mwenye saiba. Ukisahau nywila, nambari hiyo ndiyo itakayokurejesha.

Pili, nywila ibuniwe na mwenyewe, iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Isiandikwe kwenye karatasi ya kutiwa mfukoni.

Tatu, ukitumia tarakilishi ya saiba, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka kitini. Kufunga kioo tu hakutoshi.

Nne, fungua sanduku lako angalau mara moja kwa juma, na utazame pia pale panapotupwa barua taka, kwani barua njema huangukia humo mara kwa mara. Isitoshe, tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti ambayo haijatumiwa kwa miaka 2.

Tukirudi Rukanga, binti amefungua anwani mpya kwa nambari yake mwenyewe. Barua ya kwanza aliiandikia ile ofisi ya Mombasa, akaeleza yaliyomsibu na kuomba akumbukwe nafasi nyingine ikitokea. Tukienda mitamboni alikuwa hajajibiwa.

Barua ya pili ilikuwa ya kaka yake huko Doha, na maneno yake yalitoka kwa Babu. Mara ya kwanza ilirudi, kwani binti alikuwa ameruka herufi moja. Mzee alicheka, akasema kumbe posta hii nayo hurudisha barua kama ile ya Voi. Ilipotumwa tena, majibu yalikuja kabla chai haijapoa.

“Na hayo majibu yako wapi sasa?” mzee akauliza.

“Yako kwenye sanduku langu, Babu, ndani ya tarakilishi za posta. Hapa kwenye simu tunasoma nakala tu.”

“Na ufunguo?”

“Ninao mimi.”

“Basi usimpe mtu,” mzee akasema, akaomba asomewe tena.